Riwaya Zinazojibizana: Mudimbe na Ngal mjini Lubumbashi

Mageuzi ya 1971 yaliyoviunganisha vyuo vikuu vya Zaire yaliyaleta masomo ya fasihi Lubumbashi. Hapo walifundisha V.Y. Mudimbe (1941–2025), mzaliwa wa Likasi, na Georges Ngal, mchambuzi wa Aimé Césaire.

Mudimbe alilelewa na Kilatini cha seminari na utawa wa Kibenedikto. Usomaji huo unaonekana katika Entre les eaux (1973), ambamo padre Pierre Landu anajiunga na waasi wa Kimarx huku Roma ingali moyoni mwake. Ngal, katika Giambatista Viko, iliyochapwa Lubumbashi mwaka 1975, anamdhihaki msomi anayetaka kuinyakua sanaa ya msimuliaji wa jadi ili atunge riwaya, wazee wanamhukumu. Msomaji asiharakishe kumtafuta mhadhiri fulani nyuma ya Viko: swali ni zito kuliko utani wa chuoni. Je, aliyelelewa na vitabu vya Ulaya anaweza kusema kwa sauti ya kwao?

Katika L'Écart (1979) Mudimbe analirudia swali hilo kupitia Ahmed Nara, mwanahistoria anayewatafiti Wakuba. Riwaya zote tatu ni za Kifaransa, ingawa sokoni na migodini Lubumbashi husema Kiswahili.