Kukesha si kusoma

Msimu wa mitihani ukikaribia, wanafunzi wa vyuo vikuu hufika kliniki wakilalamikia kuumwa na kichwa, moyo kwenda mbio na tumbo kuwaka moto. Wengi huomba dawa ya vidonda vya tumbo, ingawa vidonda hivyo mara nyingi huletwa na bakteria au dawa za maumivu, si vitabu. Ninapouliza wamelala kwa muda gani, jibu ni lile lile: saa 3, pengine 4, na kahawa isiyo hesabu.

Kahawa unayokunywa jioni haitoki mwilini upesi. Baada ya muda wa saa 5 hivi, karibu nusu ya kafeini bado imo damuni. Miraa nayo hukukesha, hukukata hamu ya chakula, kisha hukuacha mchovu na mwenye huzuni.

Elewa kwamba ukiwa usingizini ndipo ubongo huhifadhi uliyosoma mchana. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji usingizi wa saa 7 hadi 9 kila usiku. Anayekesha anateka maji kwa pakacha.

Basi panga siku yako kwa kuanza na saa ya kulala. Kazi zikirundikana, mwendee mhadhiri mapema. Si wote wakali kama mnavyosema.

Lakini iwapo kwa wiki 2 hulali, huli wala hufurahii lolote, mwone daktari. Na wazo la kujidhuru likikujia, nenda siku hiyo hiyo, na umwombe mwenzako wa chumbani akusindikize.