MUKUBWA MUPYA WA EKIPE YA MASHINI

Katika makambi yetu, siku karatasi inapobandikwa kwenye mulango wa biro kusema kwamba ekipe ya mashini imepata shefu mupya, maulizo hayakawii. Ametoka wapi? Ni mutoto wa nani? Alisoma masomo gani? Kiisha wazee wanaongeza lingine: "Huyu ni mutu wa biro ao ni mutu wa kazi?"

Ulizo hili la wazee ni la tangu zamani. Mwezi huu, ndugu wasomaji, tunataka kuwajulisha shefu mmoja aliyelijibu kwa mikono yake. Jina lake William Murdoch. Alizaliwa mwaka 1754 kule Lugar, katika inchi ya Scotland. Baba yake alikuwa fundi wa vinu vya kusaga.

Sosyete yenye kuuza desini

Mwaka 1775, katika muji wa Birmingham, Uingereza, watu wawili waliunga sosyete: Matthew Boulton, mufanya biashara, na James Watt, mutu wa akili ya mashini. Kwa miaka ya kwanza sosyete yao haikuunda mashini yote nzima. Ilichora desini, ilifanya hesabu, ilitengeneza vipande vidogo vyenye kutaka uangalifu, kiisha ilituma fundi kusimamisha mashini pale mugodini. Silinda kubwa zilitoka kwa John Wilkinson, mutu wa chuma. Nyumba ya mashini na vitu vingine, wenye mugodi walijitafutia wenyewe.

Mashini ile ilikuwa ya kazi gani? Ya kutoa maji. Sisi watu wa migodi tunajua: ukichimba chini, maji hayakuombi ruhusa. Katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, watu walichimba shaba na bati. Kulikuwa tayari mashini ya Thomas Newcomen, iliyoanza kazi mwaka 1712. Mvuke uliingia katika silinda, kiisha maji baridi yalirushwa ndani. Mvuke ukageuka maji, nafasi ikabaki tupu, na uzito wa hewa ukasukuma pistoni chini. Upande wa pili wa muti mukubwa, vyuma vya pompi vikapanda na maji.

Lakini kila mara silinda ilipozwa, halafu ilitaka kupashwa moto upya. Makala ya mawe yaliisha ovyo. Na Cornwall haina makala ya mawe. Yalifika kwa mashua kutoka Wales, kwa bei kali. Watt aliwaza hivi: mvuke upozwe katika chombo kingine, pembeni, na silinda ibaki ya moto siku zote. Serikali ililinda uvumbuzi huo mwaka 1769, na sheria ya mwaka 1775 ikaongeza ulinzi mpaka mwaka 1800.

Malipo yao yalikuwa ya ajabu. Wenye mugodi walihesabu feza za makala zilizookolewa, wakilinganisha na mashini ya Newcomen, na sehemu moja juu ya tatu ikaenda kwa sosyete. Kisanduku chenye kufungwa kwa ufunguo kilihesabu kila pigo la mashini. Basi ona vizuri: mashini ikisimama, maji yanapanda, wachimbaji wanarudi nyumbani mikono mitupu, na wenye desini hawapate kitu. Feza ya biro ilitegemea mutu aliye kule kwenye shimo.

Kofia ya muti

Mutu huyo njo Murdoch. Mwaka 1777 alifika Birmingham kutafuta kazi. Wanasimulia kwamba alitembea kwa miguu, karibu kilomita 480. Wanasimulia tena kwamba wakati Boulton alipokuwa akimuuliza maulizo, kijana kwa haya akaangusha kofia yake, nayo ikalia "ko!" juu ya sakafu. Ilikuwa kofia ya muti, aliyoichonga mwenyewe kwa mashini ya kuzungusha aliyoiunda mwenyewe. Boulton, aliyejua kazi, akaona kwamba kofia ile ilikuwa barua ya ushuhuda kupita karatasi yoyote.

Mwaka 1779 wakamutuma Cornwall kuangalia mashini zote za sosyete. Alikuwa na miaka 25 tu. Akakaa Redruth, akawa anatoka mugodi huu kwenda ule. Kule alikuta watu wenye hasira: wenye migodi walichoka kulipa kila mwezi, na mafundi wa makampuni mengine waliiga mashini bila ruhusa. Shefu ambaye angekaa katika kiti na kutuma barua asingedumu. Murdoch alidumu karibu miaka 20, kwa sababu pompi ilipoharibika alivua koti na kushuka pamoja na mafundi wake.

Nyumbani pia hakukosa muzigo. Mwaka 1785 alioa binti wa mukubwa mmoja wa mugodi. Mwaka 1790 bibi yake akafa, akamwachia watoto wanaume wawili wadogo. Tunapomuona shefu wetu amekunja uso kazini, tukumbuke kwamba naye ana nyumba.

Kitu kilichozuiwa

Mwaka 1784 Murdoch aliunda gari dogo lenye kwenda kwa nguvu ya mvuke, la magurudumu matatu. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alilijaribu katika njia ya kanisa, na pasta wa Redruth, kuona kitu chenye moto na kelele kinamjia, akazani ni Shetani mwenyewe!

Mwaka 1786 alishika njia ya London ili serikali ilinde uvumbuzi huo. Boulton akakutana naye njiani, akamushawishi arudi Cornwall. Watt aliogopa mvuke wenye nguvu nyingi, kwamba utapasua mitungi. Tena pompi za Cornwall zilimuhitaji Murdoch. Akarudi. Mwaka 1801 mutoto mwingine wa Cornwall, Richard Trevithick, ndiye aliyeendesha gari kubwa la mvuke kule Camborne.

Wakubwa wake walikosea? Pompi ziliendelea, wachimbaji walikula. Lakini jambo kubwa likapita mbele ya mulango wao. Murdoch hakununa: karibu na mwaka 1792 aliwasha nyumba yake ya Redruth kwa gazi iliyotoka katika makala ya mawe, na mwaka 1808 Royal Society ya London ilimupa medali juu ya kazi hiyo. Alikufa mwaka 1839.

Na sisi hapa

Wenye kuishi Kipushi hawahitaji kufundishwa uzito wa pompi. Uchimbaji ulisimama mwaka 1993, lakini pompi ziliachwa zikifanya kazi. Mwaka 2011 pompi kubwa ya chini iliharibika, na mayi ikapanda. Ilitaka miaka ya kazi ili kuyarudisha chini, na zinki ilianza kutoka tena mwaka 2024. Pompi moja, muji muzima!

Basi, shefu mupya akifika, tusimupime kwa kabila wala kwa koti. Tumuangalie mwezi wa kwanza: anashuka kuona mashini? Anamusikiliza fundi muzee asiye na diploma? Naye shefu akumbuke Bwana wetu aliyejifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi wake. Na kijana wake akimuletea kitu kipya alichokiunda, asimurudishe njiani mbele ya kukitazama vizuri.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani: Watoto wetu wanaunda nini kwa mikono yao? Na sisi wazazi, tunakitazama, ao tunasema paka "acha michezo"?