Kufanya Kazi na Duka la Mtandaoni Kitui na Makueni: Mambo ya Kujua Kabla Hujasema Ndiyo

Zamani ukitaka friji au godoro zuri, ulipanda matatu hadi Machakos au Nairobi, ukarudi na mzigo juu ya keria. Siku hizi mtu wa Mutomo au Kathonzweni anaagiza kwa simu na mzigo unamfuata. Na palipo na mzigo pana kazi: kuna anayeuza, kuna anayepokea maboksi dukani, kuna wa boda anayeyafikisha nyumbani.

Ndiyo maana wateja wetu wengi, hasa vijana waliomaliza chuo na akina mama wenye maduka, wanatuuliza: hii kazi ya maduka ya mtandaoni ikoje? Inalipa? Jibu letu fupi ni kwamba inaweza kulipa, mradi ujue pesa ya kampuni ni ipi na yako ni ipi, na usichanganye hizo mbili hata siku moja. Jibu refu ndilo hili hapa.

Kazi zenyewe ni zipi?

Watu wengi wakisikia kampuni kubwa ya mtandaoni wanafikiria ofisi yenye AC na kompyuta. Ofisi kama hizo ziko, lakini nyingi ziko Nairobi. Huku kwetu kazi ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni wakala wa mauzo. Unatembea na simu yako, unaonyesha watu bidhaa, unawaagizia, na unapata komisheni kwa kila oda iliyolipwa. Ya pili ni kituo cha kuchukulia mizigo. Mara nyingi ni duka ambalo tayari lipo, na mwenyewe analipwa kwa kila boksi linalochukuliwa. Ya tatu ni usafirishaji, yaani dereva wa gari na mwendesha boda wa kilomita za mwisho.

Kinachounganisha kazi hizi ni kwamba wewe ndiye sura ya kampuni pale kijijini. Mama wa Ikutha hamjui mkurugenzi. Anakujua wewe, anajua kwenu, pengine mnasali kanisa moja. Birika la umeme likifika limepasuka, atakuja kwako.

Umbali na msimu

Kaunti ya Kitui peke yake ina takriban kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187. Makueni ni ndogo zaidi kwa eneo na ilikuwa na watu 987,653. Maana yake ni kwamba ukiwa Kitui, wateja wako wametawanyika sana, na kila oda inakula mafuta. Emali, Makindu na Kibwezi ziko kwenye barabara kuu ya Mombasa, kwa hiyo gari la mizigo linapita hata bila kugeuza njia. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo ilipowekwa lami, hali ya upande huo ikawa nafuu. Lakini ukiacha lami, ni mchanga na mito ya msimu.

Hapo tuwaambie ndugu zetu wa boda bila kuzunguka: hakuna boksi linalostahili kuvuka mto uliofurika. Desemba 2021, basi lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Ikiwa basi halikuweza, pikipiki haiwezi. Mpigie mteja, mwambie mzigo utafika kesho. Akikasirika, akasirike.

Pesa nayo ina msimu wake. Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu zikivunwa mwanzoni mwa mwaka, na maembe ya Makueni yakiwa sokoni, oda zinapanda. Desemba watu wakirudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, zinapanda pia. Ikifika miezi ya ukame, mtu anaagiza blanketi leo, na likifika wiki ijayo hana pesa ya kulilipia. Mzigo unarudishwa, na komisheni yako inaenda nao.

Tupige hesabu kidogo

Huu ni mfano tu, kila kampuni ina viwango vyake. Tuseme mwezi huu umepata oda 40, kila moja wastani wa Sh 2,000. Kwa karatasi umeuza Sh 80,000. Lakini oda 10 zimerudishwa. Zilizobaki ni 30, yaani Sh 60,000. Komisheni ikiwa asilimia 5, unapata Sh 3,000.

Sasa toa bando za mwezi, Sh 500. Toa boda ulizolipa kuwapelekea wateja 20 mizigo, kila safari Sh 50, hiyo ni Sh 1,000. Umebaki na Sh 1,500.

Kama una duka lako la unga na sukari, hiyo Sh 1,500 ni nyongeza nzuri, na wateja wanaokuja kuchukua mizigo wananunua na mkate. Kama umeacha kila kitu ukitegemea hii pekee, utaumia. Kwa hiyo ukionyeshwa mauzo ya mawakala wengine, uliza swali moja tu: ni ngapi zilibaki mkononi baada ya gharama na mizigo iliyorudishwa?

Kampuni inapokua haraka

Kufanya kazi na kampuni inayokua kwa kasi kunasisimua. Kila mwezi kuna bidhaa mpya, kuna mafunzo, kuna zawadi kwa wakala bora. Kijana mwenye bidii anapanda cheo haraka kuliko mahali pengine. Hayo ni kweli na ni mazuri.

Lakini elewa kasi hiyo inatoka wapi. Kupeleka boksi moja Mutomo kutoka Nairobi ni gharama kubwa, na mara nyingi faida ya boksi hilo haiifikii. Kampuni inakubali hasara kwa muda, ikitumia pesa za wawekezaji, ili ipate wateja wengi. Wawekezaji wakifunga mkono, kampuni inapunguza. Na inapopunguza, njia ndefu na komisheni ndizo zinazoguswa mapema.

Mfano tulio nao hapa nyumbani ni Copia. Ilianza Kenya mwaka 2013 ikiwalenga watu ambao maduka mengine ya mtandaoni yaliwasahau, hasa wa mashambani. Mteja hakuhitaji simu kubwa. Alienda kwa wakala, pengine mwenye duka au saluni, akaagiza, na gari likaleta. Januari 2022 ilitangaza kupata dola milioni 50 kutoka kwa wawekezaji. Mwaka 2023 ikafunga shughuli zake Uganda. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi, na zaidi ya wafanyakazi 1,000 walikuwa wamepewa notisi kwamba kazi zao ziko hatarini.

Na haiko peke yake. Jumia, iliyoingia Soko la Hisa la New York Aprili 2019, iliondoka Tanzania Novemba mwaka huo huo, na mwishoni mwa 2023 ikafunga huduma yake ya chakula, Kenya ikiwemo. Bado inauza bidhaa nyingine hapa nchini. Sky.Garden ilikaribia kufungwa mwaka 2022, ikanunuliwa na Lipa Later, na Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi Machi 2025.

Hatusemi haya kukutisha. Tunasema ili ujipange. Kampuni inaweza kufunga na wakurugenzi wakaenda zao. Wewe utabaki Kitui, na watu wale wale utakutana nao sokoni.

Je, umeajiriwa au wewe ni wakala?

Swali hili uliulize kabla ya kuweka sahihi. Aliyeajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira ya 2007. Ana haki ya likizo ya angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Nafasi yake ikiondolewa, anastahili notisi, na malipo ya angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Wakala wa komisheni kwa kawaida hana hayo. Yeye anahesabiwa kama mfanyabiashara anayejitegemea.

Kuwa wakala si vibaya. Lakini kama ndivyo, basi bima ya afya, akiba ya uzeeni na siku za kuugua ni juu yako. Anza kuweka kidogo kidogo tangu komisheni ya kwanza.

Linda pesa zako, linda jina lako

Hapa ndipo sisi watu wa malipo ya simu tunaweza kukusaidia zaidi. Shika haya:

1. Usilipe ili upate kazi. Anayekuitisha "ada ya usajili" kwa laini ya kibinafsi ni tapeli, hata akiwa na nembo ya kampuni kwenye picha yake.

2. Mteja alipe moja kwa moja kwa nambari rasmi ya kampuni kila inapowezekana. Mwonyeshe asome jina linalotokea kwenye simu kabla hajaweka nambari ya siri. Jina likiwa la mtu asiyemjua, aache.

3. Kama lazima upokee wewe, tenga. Tumia till au Pochi la Biashara, usitumie laini ile ile unayonunulia unga na kulipia karo. Pesa ya oda ukiiona kwenye salio lako unaanza kuihesabu kama yako, na huo ndio mwanzo wa deni.

4. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa mzigo. Usikubali ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, kwa sababu ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote.

5. Peleka pesa ya kampuni siku hiyo hiyo. Isilale kwako.

6. Kuwa na daftari. Andika tarehe, jina, nambari ya oda, kiasi, na nambari ya muamala. Simu ikipotea, daftari litakusemea. Ukilazimika kudai malipo yako, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi Sh milioni 1, na rekodi ndizo ushahidi wako.

7. Usikope ili umlipie mteja. Kukopa Sh 2,000 ili upate komisheni ya Sh 100 ni kujifunga mwenyewe kamba.

8. Nambari za simu za wateja ni siri yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda. Usiziuze wala kuzipeana.

9. Ukikosea nambari wakati wa kutuma kwa M-PESA, peleka ujumbe huo wa muamala kwa 456 mara moja. Kadiri unavyochelewa, ndivyo nafasi ya kurudishiwa inavyopungua.

Dalili za kusimama kwanza

Komisheni iliyokuwa ikija kila Ijumaa sasa inachelewa wiki mbili. Mizigo ya siku tatu inachukua kumi. Msimamizi wako hashiki simu. Ukiona haya, usisubiri tangazo. Acha kupokea malipo ya mapema kutoka kwa wateja, chukua oda za kulipwa mzigo ukifika pekee, na kama kampuni inataka pesa mbele, acha hizo oda. Dai komisheni yako kwa maandishi. Wale waliokwisha kulipa na hawajapata mzigo, waambie ukweli mapema na uwape risiti na nambari zao za oda ili wafuatilie.

Wateja watakaokasirika watakuwepo. Lakini mama yule wa Ikutha akijua hukula pesa yake, kesho ukifungua duka lako mwenyewe au ukija na kampuni nyingine, atanunua.

Je, umewahi kuwa wakala au mwendesha boda wa duka la mtandaoni huko kwenu? Pita kwa wakala wetu aliye karibu akufungulie till leo, kabla ya oda inayofuata kuingia kwenye laini yako ya nyumbani.