Kuburuta na Kuangusha: Kwa Nini Ramani Iliyojaa Huchelewa Kuitikia

Kitenzi “buruta” kina maana ya kuvuta kitu huku kikigusa ardhi, kama mtu aburutavyo gunia sakafuni. Katika matumizi ya kompyuta, kitenzi hicho hueleza tendo la kushika kitu kilichomo kwenye skrini kwa kubonyeza kitufe cha kipanya, kisha kukisogeza bila kukiachia. Kukiachia mahali papya huitwa “kuangusha” au “kudondosha”. Vitenzi hivi viwili huandamana mno hata vikadhaniwa kuwa jina la tendo moja. Kwa mtunga programu, hata hivyo, ni kazi mbili zenye gharama tofauti, na wepesi wa programu ya ramani hutegemea sana tofauti hiyo.

Jambo hili lina uzito nje ya kompyuta pia. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria ulichora mitaa ya Dar es Salaam katika OpenStreetMap ili kusaidia maandalizi dhidi ya mafuriko. Katika ramani yenye maelfu ya nyumba, nukta ya mfereji ikibaki nyuma ya mkono wa mchoraji, yeye huweza kuiachia pasipo mahali pake. Mfereji ukapita juu ya nyumba ya mtu.

Chanzo cha ucheleweshaji huo mara nyingi ni foleni. Programu nyingi za kompyuta ya mezani hupokea taarifa za kipanya na kuchora skrini kwa uzi mmoja wa utendaji, yaani mfuatano wa amri unaotekeleza jambo moja baada ya jingine. Kipanya cha kawaida cha USB huweza kutuma taarifa mara 125 kwa sekunde. Iwapo kuchora ramani nzima huchukua milisekunde 200, programu inayoichora upya kwa kila taarifa hutimiza taarifa 5 tu kwa sekunde. Zilizobaki hupanga foleni, na nukta huendelea kutambaa hata baada ya mkono kutulia.

Tiba zake ni nne. Ya kwanza ni kuunganisha taarifa: kati ya zilizosubiri, ya mwisho pekee ndiyo hutumika, kwa kuwa mahali pa zamani hapana faida tena. Ya pili ni kuhifadhi picha ya matabaka yasiyobadilika, kisha kuchora juu yake kile tu kinachoburutwa. Ya tatu ni faharasa ya mahali, kama vile mti wa R uliobuniwa na Antonin Guttman mwaka 1984. Faharasa hiyo huiwezesha programu kutambua kilicho karibu na kishale bila kupekua kila nukta ya ramani. Ya nne ni kuahirisha kazi nzito, kama kukagua maumbo na kuhifadhi data, hadi wakati wa kuangusha, na ikiwezekana kuikabidhi kwa uzi mwingine. QGIS ilianza kuchora ramani kwa nyuzi kadhaa katika toleo la 2.4, mwaka 2014.

Kwa ufupi, kuburuta kuwe kwepesi; uzito ungoje kuangusha.

Kipimo nacho kinajulikana. Mwaka 1993 Jakob Nielsen alieleza kwamba itikio lisilozidi sehemu 1 ya 10 ya sekunde humfanya mtumiaji aone kuwa kompyuta imemjibu papo hapo. Kwa kitu kinachoburutwa, lengo huwa kali zaidi: skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde hutoa takribani milisekunde 17 kwa kila picha.

Katika tafsiri, inafaa kutenganisha “kasi” na “mwitikio”. Kasi ni wingi wa kazi inayokamilika kwa muda fulani. Mwitikio ni muda unaopita kati ya tendo la mtumiaji na jibu analoliona. Programu huweza kuwa na kasi kubwa na bado ikakosa mwitikio. Vivyo hivyo, programu “inayochelewa” hujibu baadaye, ilhali “iliyoganda” haijibu kabisa. Mwongozo unaoandika “imeganda” mahali pa “inachelewa” humfanya msomaji aifunge programu na kupoteza kazi ambayo ingekamilika kama angesubiri kidogo.