Thuluthi ya Sekunde Kati ya Kipchoge na Bekele

Mashindano ya shule yanapokaribia, mwalimu wa michezo wa hapa Burnt Forest, Kenya, hujikuta na nafasi moja ya mita 5,000 na vijana wawili wanaokaribiana kwa muda. Nani aende? Wengi hutazama saa, wakamteua aliye mbele. Mimi huwaomba wasubiri kwanza, nikawarudisha mwaka 2003 kwa vijana wawili ambao takwimu zao bado sijaona mfano unaozishinda.

Tarehe 27 Juni mwaka huo, mjini Oslo, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, mwenye miaka 21, alishinda mita 5,000 kwa 12:52.26. Nyuma yake alikuwa Eliud Kipchoge wa Nandi, miaka 18, aliyemaliza kwa 12:52.61 na kuweka rekodi ya dunia ya chipukizi. Pengo lilikuwa sekunde 0.35. Tarehe 31 Agosti wakakutana tena Paris, fainali ya Mashindano ya Dunia. Kipchoge dhahabu, 12:52.79. Hicham El Guerrouj wa Morocco fedha, 12:52.83. Bekele shaba, 12:53.12. Pengo sasa likawa sekunde 0.33, ila limegeuka upande. Na tazama: Kipchoge alikuwa na kasi zaidi Oslo aliposhindwa kuliko Paris alipotwaa ubingwa wa dunia.

Thuluthi ya sekunde ni kitu gani uwanjani? Kwa mwendo ule wa takriban mita 6.5 kwa sekunde, ni kama mita mbili na robo. Sasa chukua mkimbiaji anayezunguka kona akiwa mita moja nje ya mwenzake. Kona mbili za uwanja zikiunganishwa ni duara kamili, na duara likipanuliwa mita moja kila upande, mzingo wake huongezeka kwa mita 6.28, uwanja uwe mkubwa au mdogo. Kwa hiyo kila kona moja inamgharimu mita 3.14, karibu nusu sekunde. Aliyekimbia kona moja tu kwa nje amelipa zaidi ya pengo lote la Oslo, na mita 5,000 ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Mwalimu aliyesimama kwenye mstari wa kumalizia huku ameinamia saa yake hawezi kuliona hilo. Asimame kwenye kona. Huko ndiko ustadi unakoonekana: nani anajua kujibana ndani bila kufungiwa, na nani anazurura nje akitafuta nafasi.

Saa pia haikusema kwamba Bekele alifika kwenye fainali ya Paris akiwa na mita 10,000 miguuni. Wiki moja kabla alikuwa ameshinda mbio hizo kwa 26:49.57, nusu ya pili akiimaliza chini ya dakika 13. Katika mita 5,000 ilimbidi tena alazimishe mwendo, kwa kuwa El Guerrouj, bingwa wa mita 1,500, angewamaliza wote kama mbio zingekuwa za polepole. Kipchoge alivumilia, akangoja, akamshika El Guerrouj hatua chache kabla ya utepe. Kwangu mimi subira ile, kwa kijana wa miaka 18, ilikuwa takwimu kubwa kuliko muda wake, ingawa hakuna safu ya kuiandika.

Kuna pia suala la mwinuko. Burnt Forest iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama robo tatu ya lile la Mombasa. Michezo ya Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240. Mohammed Gammoudi wa Tunisia alishinda mita 5,000 kwa 14:05.0, Kipchoge Keino wa Kenya akiwa wa pili kwa 14:05.2, wakati rekodi ya dunia ya Ron Clarke ilikuwa 13:16.6. Mbinu zilichangia pengo hilo, lakini hewa nyepesi ilichangia pia. Kwa hiyo muda wa kijana aliyekimbia Kisumu, kuliko chini zaidi, usiwekwe kando ya muda wa aliyekimbia hapa kana kwamba walikimbia uwanja mmoja.

Turudi kwa wale vijana wawili. Mwaka 2004 Bekele aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000, 12:37.35. Kipchoge mwaka huo alifika 12:46.53. Uwanjani Bekele ndiye aliyekuwa bora, na Beijing 2008 alichukua dhahabu ya mita 5,000, Kipchoge fedha. Barabarani mambo yakageuka: marathoni bora ya Bekele ni 2:01:41, ya Kipchoge 2:01:09, zote za Berlin. Hakuna namba ya 2003 iliyoyaonyesha hayo.

Basi katika daftari la mwalimu, kando ya muda, nataka kuona tarehe ya kuzaliwa, miaka ya mazoezi, muda wa mzunguko wa mwisho, na kama alikimbia kona kwa ndani au kwa nje. Mwenye miaka 16 na mwaka mmoja wa mazoezi akimaliza sekunde tatu nyuma ya mwenye miaka 19 aliyefanya mazoezi miaka mitano, nafasi ya mita 5,000 mwaka huu ningempa mkubwa, kwa sababu ameistahili. Yule mdogo ningemwingiza mbio za nyika za chipukizi. Kipchoge mwenyewe alishinda ubingwa wa dunia wa mbio hizo Machi 2003, miezi mitatu kabla ya Oslo.