Roboti Kupewa Uraia: Sisi wa Pwani Tulitazameje?

Katika darsa la akina mama, baada ya sala ya Alasiri, binti mmoja wa kidato cha tatu aliyefuatana na mamake alituuliza swali ambalo halimo katika kitabu tulichokuwa tukikisoma. Alisema amesikia kwamba Saudia imeipa mashine uraia. Je, ni kweli? Na ikiwa mashine zitafikia kutushinda kwa akili, hazitastahiki haki kama zetu? Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Sisi tuliona swali lina uzito, tukaahidi kulijibu katika kurasa hizi.

Habari yenyewe ni ya kweli. Tarehe 25 Oktoba 2017, katika mkutano wa wawekezaji mjini Riyadh, roboti iitwayo Sophia, iliyoundwa na kampuni ya Hanson Robotics ya Hong Kong, ilitangazwa kuwa raia wa Saudia. Iliwekwa jukwaani ikajibu maswali ya mwandishi wa habari, na ikashukuru kwa heshima iliyopewa. Ilikuwa na sura ya kike, haikuvaa mtandio, wala haikuwa na walii. Siku hizo mwanamke wa Saudia hakuweza kusafiri nje ya nchi bila ya idhini ya walii wake. Mama Msaudia aliyeolewa na mgeni, naye, hakuwa akimrithisha mwanawe uraia kama baba Msaudia anavyomrithisha wake. Wanawake wa huko waliyasema hayo wenyewe, tena bila ya kuficha.

Nasi tunao wetu wa kuwataja. Ni nyumba ngapi hapa Malindi na Kilifi zisizokuwa na binti, dada au shangazi aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani? Huko huishi chini ya utaratibu wa kafala, ambapo ruhusa ya mtu kuwapo nchini imefungamana na kafili aliyemwajiri. Saudia ililegeza masharti hayo mwezi Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa katika mabadiliko yale. Basi mashine iliyokaa jukwaani kwa muda mfupi ilitangazwa kuwa raia, na aliyelea watoto wa watu kwa miaka kumi hurudi na pasi yake ileile, ikiwa amerudishiwa.

Hatusemi hivi kuibeza nchi yenye Misikiti Mitukufu miwili. Huku kwetu pia uraia haukugawiwa kwa haki siku zote.

Wavuvi wenye asili ya kisiwa cha Pemba wamekuwa wakiishi katika pwani hii kwa vizazi. Baadhi ya wazee wao walikuja miaka ya 1930, na wengine baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Watoto wao wamezaliwa hapa, wamesoma madrasa zetu, na maiti zao zimezikwa katika makaburi yetu. Hata hivyo, kwa sababu hawakuwa na kitambulisho, ambacho wazee hadi leo hukiita kipande, hawakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lao, wala kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu. Mvuvi alikwenda baharini alfajiri akiwahofia askari kuliko mawimbi. Ni mwezi Januari 2023 tu ndipo lilipotolewa tangazo la kuwatambua, na Julai mwaka huohuo ikafanyika hafla ya Rais William Ruto mjini Kilifi. Ndugu zao Wamakonde wa Kwale walitangulia kupewa vitambulisho mwezi Februari 2017, baada ya kufunga safari hadi Nairobi kumlilia Rais Uhuru Kenyatta. Utaona kwamba mwaka ulioipa roboti uraia kwa siku moja ndio uliowapa Wamakonde uraia baada ya zaidi ya miaka hamsini ya uhuru.

Sisi wanawake nasi tulisubiri. Kabla ya Katiba ya 2010, Mkenya mwanamume aliyezaa mtoto ng'ambo alimrithisha uraia wake, lakini Mkenya mwanamke aliyejifungua Muskat au Dubai hakuweza. Sasa Kifungu cha 14 kinamtambua mama sawa na baba.

Turudi kwa hoja ya binti yetu, kwamba akili ndiyo inayoleta haki. Sheria yetu ya Kiislamu haikuuweka msingi hapo. Mtoto aliye tumboni hana akili ya kupambanua lolote, na bado mirathi ikigawanywa fungu lake huwekwa. Mwenye wazimu hupungukiwa na taklifu, lakini mali yake haimtoki wala uhai wake haushuki thamani. Haki hizo zimefuata ubinadamu, ile karama waliyopewa wana wa Adamu, si wepesi wa kujibu maswali. Hata paka ana haki juu yetu, na sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa kwa njaa. Paka hakuwa na akili ya kusifiwa. Alikuwa na tumbo linalouma. Mashine haina njaa wala uchungu, na ukiizima usiku haikuulizi kwa nini. Ikiwa siku moja itathibitika kwamba kuna iliyo na uchungu, tutalazimika kukaa kitako na maulamaa wetu upya. Hatujafika huko.

(Lugha yetu yenyewe inasita. Magazeti mengine huandika "roboti huyu", mengine "roboti hii". Sisi tumechagua "hii".)

Lipo jambo moja linaloweza kupinga maneno yetu, nalo ni la haki kulitaja. Sheria hukipa hata kisichokuwa binadamu jina la mtu. Kifungu cha 260 cha Katiba kinasema mtu ni pamoja na kampuni. Wakfu wa msikiti nao una mali zake, hupokea kodi ya nyumba na hulipa mafundi, na mwenye kuuweka alikwisha kufa zamani. Kwa nini basi roboti isipewe jina kama hilo?

Ni kwa sababu nyuma ya wakfu yupo msimamizi, mwenye jina na uso, ambaye akila mali ataulizwa na kadhi hapa na na Mola wake kesho. Bunge la Ulaya lilipendekeza mwezi Februari 2017 kwamba roboti zilizo hodari zaidi zifikiriwe kupewa hadhi ya "mtu wa kielektroniki", hasa kwa ajili ya madhara zitakayoyaleta. Mwaka uliofuata wataalamu zaidi ya 150 waliandika barua kulikataa wazo hilo. Walio na mashine ndio waliozitengeneza na kuziuza. Wakiruhusiwa kusema kwamba mkosaji ni mashine yenyewe, aliyeumizwa atadai fidia kwa kitu kisicho na mfuko. Diya ya aliyegongwa na gari lisilo na dereva italipwa na nani? Sisi tunasema ilipwe na mwenye gari na aliyeliunda, na jina la roboti lisiwe pazia la kuwasitiri.

Tulipomweleza binti yetu haya Jumatano iliyofuata, alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba, basi, Sophia alipewa zawadi asiyoihitaji. Mamake, ambaye jamaa zake ni wavuvi wenye asili ya Pemba, hakuwa akisikiliza sana. Alikuwa na swali lake mwenyewe. Bintiye atatimiza miaka 18 mwakani, na yeye angependa kujua ofisi ya usajili itataka karatasi zipi. Tukaziacha habari za roboti, tukatoa kalamu, tukaanza kumwandikia: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kitambulisho cha mzazi.