Gita la kununua Mpanda: hesabu ianzie kwenye nyuzi

Mkazi wa Mpanda anayetaka gita la uhakika mara nyingi huliagiza au hulifuata mbali. Kariakoo, jijini Dar es Salaam, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Mzigo huja kwa basi, au kwa treni ya Reli ya Kati kupitia Tabora na Kaliua, kisha hushika tawi la reli la Mpanda, lililojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Chombo kibovu kikishafika, kukirudisha dukani ni gharama nyingine. Kwa sababu hiyo ni vyema kwanza kuelewa gita linavyofanya kazi, ndipo swali la lipi linunuliwe lifuate.

Uzi uliokazwa hutoa sauti ya juu au ya chini kwa kutegemea mambo matatu: urefu wake, nguvu inayoukaza, na uzito wake kwa kila sentimita. Ukiufupisha, sauti hupanda. Ukiukaza, hupanda pia. Uzi mzito zaidi hushusha sauti, na ndiyo maana nyuzi za chini za gita huzungushiwa waya mwembamba wa shaba ili ziongezeke uzito bila kuwa ngumu mno kupinda. Freti, yaani vile vyuma vilivyopachikwa kukingama shingo, kazi yake ni kumwezesha mpigaji kuufupisha uzi kwa vipimo maalumu. Freti ya 12 hukaa karibu katikati ya urefu, na hapo sauti ni ileile ya uzi mtupu, oktavu moja juu.

Mkazo ndio unaowaponza wanunuzi wengi. Gita la nyuzi za nailoni, lenye shingo pana, hubeba mkazo wa jumla wa takriban kilo 40. Gita la nyuzi za chuma, hata zikiwa nyembamba, hubeba karibu kilo 70. Hiyo ni sawa na kumning'iniza mtu mzima kwenye daraja, kile kipande cha mbao kilichogundishwa juu ya tumbo la gita kushikilia nyuzi, na kumwacha hapo usiku na mchana. Gita la chuma hujengwa kwa kujua hivyo: mara nyingi ndani ya shingo huwekwa ufito wa chuma unaoweza kukazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo, na mbao za ndani ya tumbo huwa imara zaidi. Gita la nailoni kwa kawaida halina ufito huo. Anayelifunga nyuzi za chuma kwa kuwa ndizo alizozipata atashuhudia shingo ikipinda na daraja likibanduka. Hapo kosa si la fundi aliyelitengeneza.

Linalofuata ni mbao na majira. Mkoa wa Katavi, ulipo Mpanda, una mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha miezi ya ukavu mkali. Ubao hunyonya unyevu na kuutoa. Ukifanya hivyo hutanuka na kusinyaa kwa upana, si kwa urefu. Gita lenye uso wa ubao mmoja mzima huwa na sauti nzuri zaidi, lakini Septemba linaweza kupasuka kufuata mstari wa ubao. Gita lenye uso wa tabaka zilizogundishwa, kama plaiwudi, hustahimili, kwa sababu kila tabaka huizuia nyenzake isitanuke. Sauti yake ni nyembamba kidogo. Wauzaji hulidharau la pili. Kwa nyumba ya bati isiyo na dari, sioni sababu ya kulidharau.

Dukani, rula hutosha kwa nusu ya ukaguzi. Pima kutoka kikingio cha juu, pale nyuzi zinapoingia kichwani, hadi freti ya 12, kisha kutoka freti hiyo hadi mfupa wa daraja. Vipimo viwe karibu sawa. Upande wa daraja huzidi kwa milimita chache, kwa kuwa kuufinya uzi huukaza kidogo na ziada hiyo hufidia. Pima pia kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12: milimita 2 hadi 3 kwa chuma, 3 hadi 4 kwa nailoni. Kikizidi sana, mwanafunzi atajeruhi vidole na ataliacha gita ukutani. Mwisho, piga kila uzi katika kila freti, polepole, ukisikiliza mlio wa kukwaruza. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo amekwisha kukujibu.

Ujuzi huu haukuenea, na historia inaeleza kwa nini. Katika bendi za dansi za Tanzania vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya mwenye bendi; NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mpiga solo hodari angeweza kupiga miaka mingi bila kununua hata seti moja ya nyuzi. Leo mnunuzi ni kijana mmoja, au mhazini wa kwaya aliyetumwa na michango ya waumini.

Nyuzi za chuma huuzwa kwa seti ya sita, zikitambulishwa kwa unene wa uzi wa kwanza katika sehemu za elfu za inchi: "10" ni takriban milimita 0.25, "12" ni milimita 0.30. Uzi huo wa kwanza ndio unaokatika mara nyingi zaidi. Nyuzi hizi zote hupata kutu kwa jasho, hivyo kitambaa kikavu baada ya kupiga ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na chenye faida kubwa. Wapo wanaoziba pengo kwa waya wa breki ya baiskeli. Waya huo hutoa sauti, lakini unene wake haukupangwa kulingana na nyuzi jirani, kwa hiyo mkazo hauwi sawa na sauti huyumba. Kifaa cha kutunia si lazima kununua, kwa kuwa programu ya simu hufanya kazi hiyo; mfuko mnene wa kubebea ni lazima kwa safari ya basi.

Kuna vitu visivyohitaji kutoka mbali. Mninga, unaomea katika misitu ya miombo ya mkoa huu, husinyaa kidogo sana ukikauka vizuri, na seremala makini anaweza kuchonga daraja jipya kwa mbao hiyo. Kikingio cha juu huchongwa kwa mfupa wa ng'ombe. Warundi waliopewa makazi Katumba na Mishamo, mkoani humu, baada ya machafuko ya 1972 wanatoka kwenye utamaduni wa inanga, ubao mrefu uliofukuliwa ambao uzi mmoja hupitishwa juu yake huku na huku hadi kupata mistari kadhaa. Chombo hicho kilitengenezwa na kutibiwa palepale kilipopigwa.

Gita la kiwandani halitibiki lote palepale, hivyo mnunuzi wa Mpanda aanze kwa kuuliza ni nyuzi zipi anaweza kuzipata mwaka mzima, ndipo achague gita linalozibeba. Kwa anayeanza, na kwa kwaya isiyo na fundi, jibu langu ni gita la nyuzi za chuma, lenye uso wa tabaka, lenye ufito shingoni, lililofungwa seti ya 10 au 11. Gita la ubao mzima lisubiri. Tofauti ya bei inunue seti tatu za akiba na mfuko mnene, siku ileile na katika duka lilelile.